Faida Anakula Baba Nancy

Matusi ya kumtukana Baba Nancy, Cecilia aliyaandaa kwa Kimakua, maana Kiswahili alikiona laini mno. Bodaboda ilipoanza kupanda mlima wa Newala, alikuwa ameshayapanga yote, bado kuchagua la kuanzia.

Hakuwahi kumwona huyo Baba Nancy. Alichojua ni kwamba ndiye anayemfilisi mumewe.

Mumewe, Barnaba, alikuwa na kampuni ndogo ya umeme wa sola kijijini kwao Chiungutwa. Mzee wa kanisa, mpole, mwenye suruali mbili. Wateja walilipa vizuri tu, lakini nyumbani kwa mwenye umeme watu walikula kisamvu mpaka wakakichukia.

"Faida yote anakula mkandarasi, Mama Joel," Barnaba alizoea kusema, akitikisa kichwa. "Nguzo nakodi kwa Baba Nancy. Betri za Baba Nancy. Hata kufyeka majani chini ya paneli, kampuni ya Baba Nancy. Mtu ana roho mbaya yule, sijapata kuona."

"Si umwache, utafute mwingine?"

"Mkataba, mama. Mkataba."

Sasa bei ya uniti ilikuwa imepanda tena. Mashine ya kusaga ya Cecilia, iliyolipia umeme huo kama mteja mwingine yeyote, ilikuwa inakaribia kufungwa, na hiyo mashine ndiyo iliyokuwa ikimsomesha Joel sekondari, si umeme wa baba yake. Ikifungwa, mtoto anarudi nyumbani. Kwa hiyo Barnaba alipoaga kwamba anakwenda Masasi kwenye semina ya kanisa, Cecilia naye akaita bodaboda.

Newala hakupata shida. Kila aliyemuuliza alimjua Baba Nancy wa umeme. Alitegemea kukuta ghorofa na geti. Alikuta bati lenye kutu, kuku wawili, na mwanamke aliyevaa khanga iliyochakaa kuliko yake.

"Shikamoo mama," kitoto cha kike kilimwamkia.

"Marahaba."

Mama Nancy alimpa kigoda, kisha sahani ya ugali wa muhogo. Mboga ilikuwa kisamvu.

"Natoka Chiungutwa," Cecilia alisema, ameshapoa kidogo. "Bei zenu za umeme zinatuua."

"Zetu?" Mama Nancy alicheka bila furaha. "Mwenzangu, kwetu hela zinapita tu. Nguzo na betri zote Baba Nancy anazikodi kwa Baba Kulwa, kule Mkomaindo, Masasi. Huyo ndiye anayekula. Mume wangu kila akija hapa, kazi ni kumlaani."

"Kwani hakai hapa?"

"Ana safari nyingi, maskini."

Cecilia aliona aibu. Alimwonea Baba Nancy huruma ya kweli: baba wa watu anahangaika huku na huku, halafu yeye amepanda mlima mzima kuja kumtukana.

Pikipiki ikazimwa nje. Nancy akatoka mbio.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba, mama yangu," Barnaba akaitikia, akiinama kupita mlangoni na mkungu wa ndizi begani. Aliponyanyua kichwa, ndizi zikaenda chini.

Cecilia alimtazama kutoka juu mpaka chini. Kisha akamgeukia mwenyeji wake.

"Jifunge khanga, mwenzangu. Twende kwa Mama Kulwa."