Uzee wa Mwakio na Ngure

Mjini Voi, waliokatizwa maisha huchongwa kwa jiwe linalozeeka. Mkawasi aliwachonga Mwakio na Ngure, wanaume wawili mafundi cherehani waliopendana na kuuawa kwa kupendana, wangali vijana. Aliwaketisha kwenye benchi sokoni, bega kwa bega, waupate uzee walioporwa. Sasa ni mwaka wa arobaini na tano. Nywele za jiwe zimeingia mvi, Mwakio kaota kitambi, na Wakesho, mke wa Mkawasi, hapiti hapo bila kuwatania.

Asubuhi moja Wakesho alirudi na kikapu kitupu, akikohoa.

“Ngure amefumba macho,” alisema.

Mkawasi aliweka patasi chini. Siku hii hakuwahi kuifikiria.

Sokoni walikuta vibanda vimefungwa na watu wamepanga foleni ndefu, wakimpa Mwakio mkono wa pole mmoja mmoja. Zamani, mtu kama Mwakio, aliyefiwa na mpenzi wake, angesimama nyuma kabisa ya waombolezaji, akiitwa rafiki.

“Nani amewaambia waje?” Mkawasi alinong'ona.

“Tangu lini mtu akaalikwa msibani?” alijibu muuza ndizi aliyekuwa mbele yao, macho yamemwiva.

Zamu yao ilipofika, Mkawasi aliushika mkono aliouchonga mwenyewe.

“Pole, kaka.”

Vidole vya jiwe, ambavyo havikuwahi kusogea, vikaufumbata mkono wake taratibu. Nyuma yake Wakesho alikohoa, kile kikohozi chake cha wiki nzima, na Mwakio akakaza zaidi, kama anayetoa pole.