Mara Saba

Mpelelezi wa mahakama ya uhalifu wa kivita aliweka juu ya cherehani ya mama fundi kifungo cha sare ya jeshi, kikiwa bado na kipande cha kitambaa. Kilikutwa ndani ya ngumi ya mwalimu aliyeuawa darasani pamoja na wanafunzi wake.

"Mama, wanasema wewe unautambua mkono wa fundi yeyote."

Fundi akavaa miwani. Uzi ulizungushwa mara saba, fundo likafichwa kwa ndani. Mafundi cherehani wa jeshi hufanya kazi ya kulipua tu: mara mbili, basi.

"Hiki kimeshonwa nyumbani."

"Na nani?"

Mwezi uliopita mwanawe alikuja likizo kutoka jeshini, mama mtu akamshonea vifungo vyote vya sare upya huku akimgombeza kwa uzembe.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni.

"Nimekishona mimi. Andika, mwanangu, nikutajie jina la aliyekivaa, na la baba yake."