Msiba wa Mwanahawa

Mwalimu Zamzam alikuwa akitafuta ndugu wa wauguzi watano walioandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita, katika kambi ya zamani ya jeshi. Wanne alishawapata. Kwa wa tano akaelekezwa kwa Bi Zuhura, ambako wanawake walijaa uani wakichambua mchele na habari za watu.

"Mwanahawa? Si yule aliyetoroka na askari!" Mama Shani, jirani, akadakia. "Mama yao alikataa kusikia jina lake mpaka anakufa."

"Hebu nyamaza, shoga," Bi Zuhura akasema. "Ni kweli, mdogo wangu alipanda lori la askari, hakurudi. Umemwona wapi, mwalimu?"

Zamzam akakunjua karatasi aliyoilaza juu ya jiwe la mnara na kuisugua kwa mkaa, herufi zikatokea nyeupe. Akasoma: "Mwanahawa binti Sefu, muuguzi."

"Hospitali ya vita iliungua, bibi. Alirudi ndani kuwatoa wagonjwa."

Mama Shani akainamia ungo wake.

Bi Zuhura hakujua kusoma. Akapitisha kidole juu ya kila herufi, polepole, mpaka kikawa cheusi.

"Hatukumkalia hata matanga," akasema. "Fungueni mlango wa mbele. Tandikeni mikeka."

"Leo hii?" mwanamke mmoja akauliza.

"Leo. Kwani watu si mmeshafika?"

Mama Shani ndiye aliyeinuka wa kwanza. Akajitanda kanga, akatandika mkeka mpaka kizingitini. Mpita njia mmoja akachungulia na, bila kuuliza nani amekufa, akavua viatu.