Inchi Kumi na Saba

Bwana wa dirishani alimwita mhudumu wa ndege. "Huyu mama kanibana. Mhamishe."

Ndege ilikuwa imejaa pomoni. Mhudumu akaninong'oneza, "Samahani mama, labda ushuke, upande ndege ya kesho?"

Kesho! Na binti yangu anaolewa leo jioni?

Nina miaka thelathini kwenye cherehani. Nguo ikibana simlaumu mteja, naulaumu mkasi. Nikatoa futi yangu ya kushonea mkobani, nikapima upana wa kiti.

"Inchi kumi na saba," nikamwambia mhudumu.

Kisha nikamgeukia jirani yangu, nikampima mabega, kidole gumba kikibana ncha ya futi kwenye mshono wa shati lake.

"Kumi na tisa, baba. Haya, beba begi lako tushuke."