Nguvu za Mikono

Siku hizi mnyanyua vyuma akikwama kwenye uzito uleule, sheria inamruhusu kuchukua nguvu za mtu wa damu yake. Mwakio alikwama mwaka mzima, hadi mama yake alipompa nguvu za mikono. Mwezi huohuo akavunja rekodi.

Jumapili yeye na bintiye mdogo, Wakesho, walikwenda kwa mama. Walimkuta jikoni, ameng'ang'ania mwiko kwa mikono yote miwili, ugali umemshinda kusonga.

"Lete nisonge, mama."

"Kaa, baba. Leo wewe ni mgeni."

Mwakio akachukua mwiko, akausonga kwa mkono mmoja. Walipokuwa wakila, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nimekwama tena."

Mama aliinamia sahani. Wakesho akaweka tonge chini, akapandisha mkono wa sweta.

"Baba, mimi bado ninazo."