Magonjwa Matatu ya Televisheni

Picha iliganda tena, safari hii kwenye mgongo wa mwanamke aliyebeba sepetu. Duara dogo likaanza kuzunguka katikati ya kioo.

"Fundi, nifanyie hisani," alisema Doña Eduwiges. "Wakimpata mwanangu huku mimi natazama kiduara, nitakufa vibaya."

Baltazar alikuwa amepiga magoti nyuma ya televisheni, jasho likimtiririka. Ilikuwa saa nne tu asubuhi, lakini jua la jangwa la Sonora lilikwisha kulichoma bati vya kutosha. Alipoitwa alikuja mbio. Angekataaje? Ulises, mtoto pekee wa mama huyu, alikuwa mwanawe wa ubatizo. Mikono yake ndiyo iliyomshika juu ya maji kanisani.

Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu Ulises atoke kwenda kununua mikate ya tortila asirudi. Tangu hapo, kila Jumamosi, mama yake hufuatana na wanawake wengine waliopotelewa na watoto, kuchimba nyikani wakitafuta miili yao. Wanarusha kila kitu moja kwa moja mtandaoni, maana kilichoonwa na maelfu ni vigumu kukifukia tena. Leo Doña Eduwiges hakwenda. Ni goti, alisema. Na kwa macho yake yenye mtoto wa jicho, simu haikufaa. Alitaka kioo kikubwa, aone kila kifungo cha shati.

"Wako wapi leo?" Baltazar aliuliza, akichomoa waya wa umeme.

"Kilima cha Chokaa. Kuna mtu alipiga simu, hakutaja jina."

Baltazar alisubiri dakika nzima kabla ya kuurudisha waya. Kilima kile alikijua. Ni mwamba mtupu, hata mbwa huwezi kumzika pale. Alimwonea mama huyu huruma ya kweli, na mabega yake, yaliyokuwa yamekaza tangu alipoingia, yakalegea.

Televisheni iliwaka, ikakataa kuunganika. Alipekua mipangilio mpaka akaiona tarehe.

"Nani kairudisha nyuma miaka mitatu?"

"Kwangu mimi haijasogea," alisema Doña Eduwiges.

Aliisahihisha bila kumtazama. Picha ikarudi. Mireya, kiongozi wa wanawake wale, alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, vumbi usoni, fulana nyeupe yenye picha ya bintiye kifuani. "Tunakaribia," alisema kwenye simu yake. "Hakuna kutaja mahali mpaka sote tuwe ndani." Kisha akaganda, mdomo wazi.

"Kumbukumbu imejaa," Baltazar alisema. "Umepakia nini humu, doña? Tamthilia zote za dunia?"

"Mjane atazame nini? Ukuta?"

Alifuta tamthilia moja baada ya nyingine. Jikoni simu yake ililia. Doña Eduwiges alikuwa ameichukua mapema ili aichaji. Ikalia tena, ikakatwa.

"Wateja wako hawana adabu," mama alisema, akirudi na kahawa na coyota mbili, biskuti bapa zilizojaa sukari guru. "Leo wewe ni wangu."

Baltazar alikula moja, kwa heshima. Akaisukuma kwa kahawa. Mezani kulikuwa na bango la Ulises, lile lile alilosaidia kulibandika kwenye kila nguzo ya mtaa. Kijana alikuwa anacheka. Baltazar alikigeuza kiti akae ubavu.

"Na wakimpata," aliuliza taratibu, "utafanya nini?"

"Nitamwosha. Nitamvalisha. Halafu nitalala usingizi mmoja kamili." Mama alifuta makombo mezani kwa kiganja. "Polisi wanatuuliza tunamshuku nani. Sisi hatuulizi nani, fundi. Tunauliza wapi."

"Mungu atakuonyesha."

"Mungu ana watu wake."

Kiduara bado kilikuwa kinazunguka. Sasa ulibaki mtandao wenyewe. Baltazar alifuata waya kwa vidole, toka kwenye televisheni, nyuma ya kabati, mpaka kwenye kisanduku cha mtandao chenye taa za kijani. Kichwa cha waya kilikuwa kimechomolewa nusu, kikining'inia kwa ncha tu.

"Nani kauvuta huu?"

"Paka."

"Huna paka, doña."

"Basi panya, kwa kuwa sina paka."

Alicheka kidogo, akabaki ameushika. "Tarehe, kumbukumbu, sasa waya. Televisheni haiugui magonjwa matatu asubuhi moja, mama."

"Na mimi ninayo mangapi? Umewahi kuyahesabu?"

Baltazar aliinama tena juu ya waya. Alimpenda Ulises, hilo hakuna ambaye angembishia, na mazishi yangekuwapo angelia kuliko wote. Nyuma yake alisikia miguu ya kiti ikiburuzwa sakafuni. Doña Eduwiges alikuwa amekisogeza mpaka mlangoni, akakaa hapo, goti lake likikunjika bila taabu yoyote.

"Sukuma huo waya, fundi. Nadhani sasa wameshafika."

Aliusukuma. Ukalia *tak*. Sauti za wanawake zikajaa chumbani, safi, bila kukatika, na sepetu zikigonga kitu kigumu.

"Hapo hapo. Usiguse tena," alisema mama. "Njoo utazame."

Baltazar alinyanyuka. Kiduara kilikuwa kimetoweka. Hapakuwa na kilima. Palikuwa na geti la buluu lililoandikwa jina lake mwenyewe kwa rangi nyeupe, na wanawake wakipita mmoja mmoja kuingia karakana yake, na ndani, akiwa na kandambili za nyumbani, mkewe Imelda akiisogeza meza ya kazi na kuwaonyesha kwa kidole ni saruji ipi waivunje.