Sita Mbili

Tangu wamzike Tamimu, wenzake watatu hawakujua tena la kufanya alasiri. Kheri alitaka waende uwanjani kutazama mpira. "Mpira gani na jua hili?" Mbaraka akamkatiza. Mwenyewe akataja sinema, kisha akaghairi kabla hajajibiwa.

Sudi aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na boksi la dhumna, akazimwaga kete mezani.

"Lakini tuko watatu, bwana," Kheri akasema.

"Najua."

Akazichanganya kifudifudi, na mkono wake, kwa mazoea, ukazigawa zote mafungu manne. Hakuna aliyemkosoa. Kila mmoja aliokota lake; la nne likabaki mbele ya kiti kitupu.

"Haya, mwenye sita mbili aanze," Mbaraka akasema, maana kete yenye sita pande zote mbili ndiyo waliyoanzia miaka yote.

Sudi akazipekua zake. Hakuwa nayo. Kheri akatikisa kichwa. Mbaraka naye hakuiona; akazilaza za kwake mezani, taratibu.

Wote watatu wakalitazama lile fungu la nne. Hakuna aliyenyoosha mkono kulifunua. Walikaa wakimsubiri mwenzao aanze.